Nyota za Juu na Nyota Yangu

Jumatatu, tarehe 6

Mfamasia wa duka la pili amekuja kwenye saluni yangu kuazima kiti. Kasema tangu utotoni anatamani kuiona Zohali, ile sayari yenye pete. Mimi nami mdomo hauna breki! Nikamwambia nyota zote nazijua, nyingine hata kwa majina ya utani. Akacheka. Akasema basi Jumamosi nimpeleke nikamwonyeshe. Nimekubali. Sijui hata moja. Na mteja niliyekuwa namnyoa ameondoka na ndevu za upande mmoja, kasema atanitafuta.

Jumanne, tarehe 7

Balaa. Watazama nyota wanakutana Jumamosi hiyo hiyo kwenye kiwanja cha shule, kila mtu anakaribishwa, na mwenye darubini ni Betri! Betri, fundi simu wa mlango wa tatu, anayecheka kama pikipiki iliyogoma kuwaka. Nimpeleke mfamasia pale ili Betri amshike bega akimwelekeza? Thubutu! Nimemwambia Betri kwa upole kwamba mkutano umeahirishwa hadi Jumapili. Akauliza kaahirisha nani, maana darubini iko chini ya kitanda chake. Nikasema labda nimechanganya na harusi.

Jumatano, tarehe 8

Mungu hamtupi mja wake! Kwenye nguzo ya umeme mbele ya saluni pamebandikwa tangazo: TUNATAZAMA NYOTA. JUMAMOSI JIONI. NYUMBA YA BLUU NYUMA YA KITUO CHA MAFUTA. WOTE KARIBUNI. Darubini haikutajwa, lakini na Betri hakutajwa. Nimechagua hapo hapo. Shangazi, ninayekaa kwake, alinitazama weee, halafu akasema nenda mwanangu, ulitakiwa uende siku nyingi. Sikujua kama shangazi anaipenda sayansi.

Ijumaa, tarehe 10

Nimekuwa nakariri sayari huku nanyoa. Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi... Nilipofika Mshtarii mkono ukateleza, nikamkata mwalimu mstaafu sikio. Nikakimbilia plasta kwa mfamasia. Akauliza kwa nini tusiende shule tu, si kuna darubini. Nikamwambia kule ni kwa wanaoanza.

Jumamosi, tarehe 11

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulikuta madirisha yamefungwa na mapazia mazito yameshushwa. Nikamnong'oneza mfamasia kwamba giza linasaidia macho. Akatokea bwana mmoja kavaa miwani ya jua humo humo ndani. Akaniuliza jina la mama yangu na siku niliyozaliwa. Nikamuuliza Zohali iko upande gani. Akajibu kwamba hapo za juu hazitazamwi, inatazamwa ya mteja.

Mnajimu! Mfamasia akashikwa na kikohozi. Sasa ndiyo najua kilikuwa kicheko. Ningeinuka pale pale yangeisha. Lakini mtu akishaanza kukueleza habari zako, unaondokaje? Akasema nyota yangu ni kali, ila imefunikwa na jirani anayechezea nyaya. Nikapiga kelele kwamba huyo ni Betri! Kugeuka, kiti cha mfamasia kitupu. Alimwachia mtu wa mlangoni ujumbe kwamba amekwenda shule, nikimaliza nimfuate.

Nilimkuta jicho liko kwenye darubini, machozi yanamtoka. Anasema kumbe pete zipo kweli, kumbe zipo kweli. Betri kasimama pembeni, hata bega hakumgusa. Roho iliniuma. Wakaniita nami nitazame. Nikasema nilishaiona zamani.

Jumatatu, tarehe 13

Mfamasia kaja kurudisha kiti. Hana kinyongo! Kila akinitazama anacheka, lakini kwa wema. Kasema Jumamosi hii wanakutana tena kiwanjani, kuna mvua ya vimondo, na mimi nisikose, ila safari hii mahali nisichague mimi. Jamani! Kanialika kwa mdomo wake mwenyewe!

Mara moja nikaenda kumpeleleza Betri amejiandaaje. Eti atatandika mkeka, watu walale chali waangalie vimondo vikiwaka na kupita angani. Mkeka! Kwenye mvua! Nikamsifu kwa wazo zuri, nikaondoka zangu. Acha alowe.

Shangazi ameniazima mwavuli wake mkubwa. Nimeujaribu na kiti: tunaenea mimi na mfamasia bila kubanana. Betri kwisha habari yake.