Mwisho Unafumuliwa Hapa

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimeitwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Si kwa heri. Amesema maktaba imelala. Watoto hawaingii, na anayeingia akachukua kitabu ndiyo basi, harudi. Hali ikiwa hii hii hadi Ijumaa ya wiki ijayo, chumba atapewa mwalimu wa michezo aweke mipira na nyavu.

Chumba hicho kilianzishwa na marehemu mke wangu, alipokuwa akifundisha hapa. Lebo za rafu ni mwandiko wake, ule wa kuinamia upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Mimi ni fundi cherehani tu, niliyeishia shule ya msingi. Tulipomaliza msiba nilipewa ufunguo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka. Sijui nitamwambia nini chumba chake kikipotea mikononi mwangu.

Wageni wa leo: kuku mmoja, na mwalimu wa michezo, ambaye shule nzima inamwita Filimbi. Kuku aliangalia vitabu. Filimbi aliangalia kuta, akazipima kwa futi nikiwa nimekaa palepale. Akasema mzee usisumbuke kuinuka, nakuzunguka tu. Futi yenyewe aliiazima kwangu.

Jumanne, tarehe 4

Nimepata mpango. Nashangaa haukunijia mapema.

Marehemu alikuwa ananisomea hadithi huku nashona. Ikikaribia kuisha anafunga kitabu, anasema mwisho unauzwa ndoo moja ya maji. Nilibeba maji mengi katika ndoa ile. Sasa kwa nini watoto wapewe mwisho bure?

Nimeshona kurasa za mwisho za kila kitabu cha hadithi. Mshono mrefu wa kushikiza tu, ule tunaotia kwenye nguo kabla ya kuishona kweli. Ukiukata mahali pamoja uzi wote unatoka. Mlangoni nimebandika karatasi: MWISHO UNAFUMULIWA HAPA. NJOO NA KITABU. Mtoto atasoma, atakwama, atarudi mbio. Nikajipongeza, kwa vile hapakuwa na mwingine wa kunipongeza.

Katika kasi ile nimeshona na vitabu vya hesabu, kule nyuma kwenye majibu. Mwalimu wa hesabu kaja amekunja uso. Nikajiandaa kwa lolote. Kumbe anauliza kama naweza kumshonea na vile alivyoficha kabatini.

Jumatano, tarehe 5

Nimepita madarasani. Nimewasomea mwanzo wa hadithi ya mchimba kisima, kitabu alichokipenda marehemu, tuna nakala nyingi. Mtu anachimba, anachimba, siku moja anasikia chini yake mwingine anachimba kuja juu. Hapo nikafunga kitabu. Darasa likanung'unika kama mzinga wa nyuki.

Kufika mapumziko rafu zilikuwa tupu. Nimekaa nikiziangalia. Sikujua kuwa mbao zake zina rangi hiyo.

Alhamisi, tarehe 6

Hajarudi hata mmoja.

Shemeji, mdogo wake marehemu, kaniletea chakula. Nikamweleza mpango. Alicheka hadi akatua sufuria chini. Akasema wewe shemeji wewe, kila mtoto pale ana wembe wa kuchongea penseli, unadhani watakungoja na mkasi wako? Nyembe sikuwa nimezifikiria.

Filimbi kaleta wavu wa goli, kauweka kwenye kona. Kasema ni wa muda tu, uzoee mazingira.

Ijumaa, tarehe 7

Kaja mmoja. Msichana wa darasa la sita, yule ambaye hata walimu wake humsahau kwa ukimya. Kitabu ni cha mchimba kisima, na mshono mzima, haukuguswa. Nikachukua mkasi kwa furaha. Akakificha mgongoni.

Hakutaka nifumue. Alitaka karatasi. Akasema, kwa sauti ambayo ilibidi niinamie, kwamba mwisho anao tayari, na anaogopa wa humo ndani usije ukawa mdogo kuliko wake.

Akaandika akiwa amepiga magoti kwenye sakafu, kisha akanisomea. Udongo unabomoka, wale wawili wanakutana uso kwa uso. Hakuna anayemuuliza mwenzake jina. Wa chini anauliza tu, kwenu huko bado kuna jua? Wa juu anasema lipo. Na kwenu, kuna maji? Wa chini anasema tunayo, tulikuwa tunawaletea.

Mwisho wa kitabuni naujua, niliulipia ndoo. Mle ni mwangwi wa sululu yake mwenyewe, basi. Nimebaki nimeshika mkasi hewani. Mtoto wa kimo kile, na nimempita mara ngapi uwanjani bila hata kumsalimu. Nikageuka kumwambia mke wangu asikie. Bado huwa nageuka.

Karatasi nimeibandika ukutani, pale Filimbi alipotia alama ya chaki siku ile ya kupima.

Jumatatu, tarehe 10

Habari zimesambaa kwamba maktaba inatoa karatasi. Wamejaa. Waliokosa benchi wamekaa sakafuni, waliokosa sakafu wamekaa juu ya wavu wa Filimbi. Wembe wanao wote, na hakuna aliyekata uzi. Kila mmoja anataka wake uwe mkubwa kuliko wa ndani.

Palikuwa na ukimya nisioujua. Niliozoea mimi, wa nyumbani, hauna kitu ndani yake. Huu ulikuwa na penseli, na pumzi, na mtu akicheka peke yake kwa jambo analoliona yeye tu. Nilisimama mlangoni kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi.

Mpango huu ni wangu, lakini haya sikuyapanga.

Jumatano, tarehe 12

Filimbi kanivizia kabla ya kengele ya asubuhi. Kachomoa kitabu ndani ya koti, cha mchimba kisima. Kasema si chake, ni mke wake ndiye anataka kujua. Fumua haraka mzee, watu wasinione.

Nikamwambia mwisho unauzwa. Bei: wavu mmoja wa goli, utoke hapa. Akaniita majina mawili ambayo siyaandiki, akaubeba wavu begani.

Nikafumua. Akasoma amesimama. Akasoma tena. Akauliza, yaani mwangwi? Nimekesha kwa ajili ya mwangwi? Nikamwonyesha karatasi ya msichana. Alikaa nayo muda mrefu. Halafu akaomba penseli, akajikunja kwenye benchi la darasa la kwanza, ulimi nje, akaandika mpaka kengele ikampita. Nilimwonea kijicho. Mimi sijathubutu kuandika hata mmoja.

Ijumaa, tarehe 14

Mwalimu Mkuu kaja kutoa uamuzi. Ilibidi apite kiubavu, watoto hawakumwona. Akasoma ukutani karatasi moja baada ya nyingine. Kwenye ile ya msichana akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaanza upya. Akauliza kwa upole nani kaandika. Wakamwonyesha. Akasema, huyu yuko shuleni kwetu?

Chumba kinabaki maktaba. Kasema mbele ya wote, na Filimbi ndiye aliyeanza kupiga makofi. Nilishika rafu.

Kisha akachukua kitabu aonje mwisho wa kweli. Hakikufunguka. Akachukua cha pili. Akaniuliza nani kashona mali ya shule. Nikasema fundi. Kaniamuru nifumue vyote, na nikionekana tena na sindano na uzi humu ndani, ufunguo nirudishe siku hiyo hiyo. Nimeapa mbele ya mwalimu wa hesabu, ambaye alikuwa anaangalia dari.

Jumapili, tarehe 16

Nimefumua vyote. Shemeji kapita, kauliza kama sasa nimepata akili. Nikamwambia nimepata, kabisa. Yaliyotokea katika chumba kile yalinizidi, mtu akishaona kitu kama kile anakiacha kilivyo.

Alipoondoka nikawaza. Ikiwa miisho wanaijua hivi, je, wangekosa mianzo? Wangeanzaje? Nilipata baridi mwili mzima, kwa hayo ambayo msichana yule angeyaandika. Na Mwalimu Mkuu alikataza sindano na uzi. Gundi hakuitaja.

Nimejaribu kwa kitabu kimoja tu, kurasa zake za mwanzo. Kimeshika vizuri mno. Naandika haya kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia bado uko mezani pamoja nacho.