Mfunua Kurasa

Jumatano, 4 Machi
Nimepatikana! Baba mkwe mtarajiwa anakuja ukumbini kwetu Jumamosi. Nilimwambia mimi ni mwanamuziki. Kumbe kazi yangu ni kupokea miavuli na mikoba ya watazamaji pale mlangoni! Mchumba wangu kapiga simu analia. Eti mzee kaapa: asiponiona jukwaani kwa macho yake mwenyewe, hakuna ndoa. Nikamjibu aje tu, ataniona mpaka achoke. Mdomo huu utaniponza!

Alhamisi, 5 Machi
Penye nia pana njia! Mpiga piano mgeni anahitaji mtu wa kukaa ubavuni mwake na kumfunulia kurasa. Jukwaani pale pale, kwenye mataa! Tatizo ni Miwani, karani wa tiketi. Kazi hiyo ni yake siku zote kwa sababu anasoma noti za muziki, na haachi kutukumbusha. Nimemnong'oneza kwamba mama mpiga piano analalamikia harufu ya kinywa chake. Kanuna! Kasema basi wamtafute mwingine. Mwingine mwenyewe ndiye mimi.

Ijumaa, 6 Machi
Msimamizi wa jukwaa kaniuliza kama najua kusoma noti. Nikasema hata usingizini. Mama mpiga piano naye kanielekeza vizuri: akiinamisha kichwa, nifunue ukurasa. Basi! Na Miwani anavyojidai, utadhani anapasua watu mioyo. Nimeazima koti jeusi la shemeji. Mikono yake inanimeza mpaka kucha. Nani atatazama mikono?

Jumamosi, 7 Machi
Jamani, nimekaa jukwaani! Watu wamejaa hadi roshani ya juu. Baba mkwe safu ya mbele, kakunja mikono kifuani. Mama akaanza. Akainamisha kichwa, nikafunua. Akainamisha tena, nikafunua. Lo! Kumbe yule mama akipiga piano kichwa hakitulii, kama kuku anayedonoa mtama! Mimi ni nani nimbishie? Funua! Funua! Akanitolea macho, kichwa kikashuka kwa hasira. Nikafunua mbili kwa mpigo, nisimuudhi. Kurasa zikaisha. Akaikandamiza piano kwa viganja vyote viwili, akasimama, akainama. Kisha makofi, tena ya nguvu! Aliyoniambia nyuma ya pazia siwezi kuyaandika.

Jumapili, 8 Machi
Nimerudishwa kwenye miavuli. Miwani ameshaambiwa kila kitu na hanisalimii. Shauri yake! Baba mkwe kanialika chakula kwao, kanikumbatia mbele ya watu. Kasema muziki wa aina ile humlaza usingizi, lakini jana hakupepesa jicho: mimi nafanya kazi, na yule mwanamke anahangaika kunifuata, maskini, hadi akashindwa. Binti nimepewa! Kuna sharti moja tu. Siku ya harusi nipige mwenyewe, peke yangu, mbele ya ukoo mzima. Mchumba alinikanyaga mguu chini ya meza nikatae. Nikakubali hapo hapo. Nimechagua tarumbeta. Haina kurasa, na vitufe vyenyewe vitatu tu. Kuna ugumu gani?