Viti Vitano na Kilima Kimoja

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Mke wangu kaniamsha kwa chai na busu. Sijui kabla yake niliishije.

Baba mkwe, dereva wa malori mstaafu, ametangaza: Jumamosi familia yote inapanda kilimani kuona kiwanja chake kipya, na mama mkwe atapanda gari la mkwe mwenye injini ya kuaminika. Ijumaa atatupima kwenye kilima hicho hicho. Wakwe tuko wawili: mimi, na mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Tunamwita Bwana Turbo. Ana silinda sita. Mimi nina silinda nne, lita mbili, na mapenzi.

Jumanne, 4 Machi
Nimejaribu kilima peke yangu. Gari lina viti saba na pumzi za mtu mmoja. Katikati nilipitwa na muuza maziwa wa baiskeli. Akanipa pole.

Fundi anasema injini ya silinda sita haitaingia, na ikiingia mke wangu atalala njaa. Anasema injini haina kosa, gari ndilo zito.

Zito! Mbona hawakuniambia mapema?

Jumatano, 5 Machi
Mimi na fundi tumetoa tairi la akiba, jeki na mazulia. Kisha viti vyote vitano vya nyuma. Viko sebuleni. Mke wangu aliuliza kama tunafungua sinema. Nikamwambia ni siri ya mapenzi. Tumekula chakula cha jioni safu ya pili, tumefunga mikanda. Malaika huyu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeweka tinti nyeusi vioo vya nyuma. Bwana Turbo alipita kunisalimu. Akasema kesho ataningoja juu na chupa ya chai, nisiwe na haraka, bwana harusi. Nilicheka kinyonge, kwa makusudi.

Ijumaa, 7 Machi
Baba mkwe alisimama kileleni na saa mkononi. Bwana Turbo alipanda na mkewe, watoto watatu na mbwa. Mimi nilipanda na upepo. Nimemshinda kwa sekunde mbili! Baba mkwe akanipiga bega, akasema injini ndogo isiyopiga kelele ni kama mkwe mwema. Mke wangu alilia. Na mimi kidogo.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe alikuja na gauni lake la harusini. Akafungua mlango wa nyuma. Akatazama. Akauliza, kwa upole wa kutisha, akae wapi, mwanangu.

Baba mkwe akachungulia. Akasema kwa miaka thelathini barabarani hajaona mtu ashinde kwa kuwaacha abiria nyumbani. Wote wakajibana kwa Bwana Turbo, mbwa mapajani mwa mama mkwe. Mimi nikapewa ndoo na majembe. Mke wangu akakaa mbele nami, kanishika mkono njia nzima.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe hajapokea simu zangu tatu. Baba mkwe kapokea. Ananipa nafasi ya pili Ijumaa ijayo, ila safari hii atahesabu viti mwenyewe.

Haki yake. Nimekosea, nakiri. Viti vinarudi vyote.

Milango hakuitaja. Fundi anasema kila mmoja una kilo thelathini, na mke wangu anapenda hewa.