Furgoneti Yangu Yageuka Gari la Wazazi

Jumanne, 11 Agosti 1964

Waasi wameshika mji karibu wiki sasa. Wanajiita Simba. Leo wamefunga njia kule Makiso, katikati ya mji, wanakamata kila chombo cha kubeba mizigo. Nimerudi nyumbani Kabondo kwa vichochoro, jasho tele.

Furgoneti yangu! Niliinunua kwa Mgiriki wa mikate alipokimbia. Mbele ni gari dogo la familia. Nyuma ya kiti cha dereva, sanduku la bati. Sanduku hilo ndilo linalotulisha: napeleka mikate na chumvi kijijini Bengamisa, narudi na mpunga.

Jirani Dominique, muuza samaki kutoka Isangi, ana furgoneti pacha na yangu. Ameng'oa magurudumu, ameyafukia, anafuga kuku ndani. Mke wangu Sikujua anasema nifanye vilevile. Nimemwambia mimi si mtu wa kuku. Nina akili. Wanataka magari ya mizigo? Basi langu litakuwa gari la watu. Nimekata madirisha mawili kwenye bati kwa patasi. Yamepinda kidogo. Nimeweka benchi na mito ya sebuleni. Sikujua hajaona mito bado.

Alhamisi, 13 Agosti

Sikujua ameona mito. Tuyaache hayo.

Habari mbaya. Malori yamewatosha. Sasa wanataka magari ya watu, ya kupandisha makomanda. Na langu lina madirisha! Dominique ameyatazama, akaniuliza kama niliyakata nikiwa nimefumba macho. Mtaa mzima umesikia kicheko chake.

Jana walichukua fundi mmoja pamoja na gari lake. Gari limeonekana likipita mjini. Fundi hajaonekana.

Halafu, wazo! Simba wana dawa ya kuzuia risasi, na masharti yake kila mtu anayajua: hawagusi mwanamke, hawakai alipokaa mwanamke. Basi, gari la wanawake! Nimetafuta rangi nyekundu, nimeandika ubavuni: MATERNITÉ, yaani gari la wazazi. Herufi ya mwisho imekosa nafasi, imehamia mlangoni.

Jumamosi, 15 Agosti

Ushindi! Nimepita kizuizi cha Makiso, Sikujua na dada yake Nyota wamekaa nyuma, Nyota amefunga mto tumboni. Kijana mwenye mkuki alisoma herufi moja moja, akaruka kama aliyekanyaga siafu. Nikampungia mkono. Sikujua akanifinya.

Tatizo dogo: si Simba peke yao wanaojua kusoma. Niliporudi nilikuta wajawazito wamejaa barazani wakingoja zamu yao. Nimewaambia daktari amesafiri.

Jumapili, 16 Agosti

Ya leo ni mengi. Nitaandika polepole.

Asubuhi Dominique alinigongea mlango, hana hata viatu. Mkewe Augustine yuko katika uchungu tangu jana, mtoto hatoki. Mkunga Florentine amesema hospitali, sasa hivi, la sivyo tutawazika wawili. Na magurudumu ya Dominique yako chini ya ardhi. Aliniita tonton, yaani mjomba. Yeye, anayenizidi umri! Nilikuwa nimengoja siku kama hiyo nami nimcheke. Sikuweza.

Tulimlaza Augustine juu ya mito. Sikujua na mkunga wakaingia naye, Dominique akakaa mbele nami, anasali.

Kizuizini alikuwapo komanda mwenyewe. Akasema gari ni zuri, tushuke wote. Nikamwonyesha maandishi. Akajibu kwamba yeye haogopi rangi. Akazunguka nyuma, akashika kitasa. Nikamkumbuka yule fundi.

Mlango ukafunguliwa kwa ndani. Ni Sikujua, mikono imelowa damu.

“Papa komanda, karibu!” akasema. “Mutoto anakuya. Ingia, saidia kukamata mama yake!”

Augustine akapiga ukelele. Komanda akarudi kinyumenyume mpaka akamkanyaga kijana wake.

“Ondosha hii motuka!” akapaza sauti. “Itaharibu dawa yetu yote! Mbio! Alors, mbio!”

Nikaenda mbio. Sijawahi kumtii mtu hivyo. Lakini mtoto hakungoja hospitali. Tulikuwa tunapita posta nikasikia kilio chembamba nyuma ya bati. Msichana! Nikalia nami, usukani mkononi. Dominique akanikumbatia nusura tuingie mtaroni. Hospitalini wamesema mama mzima, mtoto mzima. Alhamdulillahi! Hewa ya leo ina utamu.

Upande wa jina: nilikaa karibu na kitanda, nikangoja. Nilitaja mara kadhaa kwamba jina langu, Alfani, linaweza kuwa la kike pia, Alfania, jina zuri. Wamemwita Florentine.

Jumatano, 19 Agosti

Augustine amerudi nyumbani. Dominique ameleta samaki waliokaushwa na kwanga, ile mikate ya muhogo, akaomba radhi kwa kunicheka. Nimemsamehe. Tumekula hadi tukalegea. Kwa mara ya kwanza tangu Simba waingie nimelala bila kushtuka.

Sikujua amenisihi: gari liache hivyo hivyo, Mungu ameshatufunika mara moja, tusimchokoze. Dominique naye amekubali kunionyesha mahali pa kufukia magurudumu. Nimewaambia wana haki kabisa. Mtu hujifunza kwa yaliyompata.

Ila nimefikiri. Gari la wazazi linaachiwa, sawa, lakini kwanza linasimamishwa. Gari la komanda halisimamishwi kabisa! Nimeona kwa macho yangu: bendera mbele, mtu mwenye miwani myeusi ndani, basi, wanapiga saluti. Nyota ana kitenge chekundu hakivai. Miwani nimeazima kwa fundi saa. Rangi ya ubavuni inabanduka vizuri kwa kisu.

Kesho asubuhi, Sikujua akienda sokoni, naelekea Bangboka, nje ya mji. Nione nani atathubutu kumsimamisha komanda Alfani.