Soksi za Viti vya Darasa la Chiriku

Ndugu Mkuu wa Wakaguzi wa Shule,

Natumaini hujambo, na kiti unachokalia hakijambo pia. Mimi ni mjane wa mwalimu wa darasa lile la mwisho, jirani na bomba la maji. Ni bibi yake Chiriku, mwenye miaka saba, ambaye hasemi ila huimba. Kiti kikikwaruza sakafu, masikio humuuma, naye hukimbilia getini. Ndiyo maana marehemu alivivalisha viti vyote soksi kuukuu. Viti thelathini, soksi mia moja na ishirini. Mbili zilikuwa zangu, aliniambia zimepotea. Mwaka mzima Chiriku hakukimbia.

Wiki iliyopita mkaguzi wako aliandika: "Samani imevaa nguo. Ivuliwe." Ikavuliwa, soksi zikatupwa. Sasa Chiriku hataki shule. Kwa unyenyekevu nalalamika:

1. Kama ni lazima kila kitu kibaki kilivyotoka kiwandani, mkaguzi naye avue miwani. Hakuzaliwa nayo.

2. Avue na mkanda. Hapo sitaendelea, mimi ni mtu mzima.

3. Kwenye fomu yake, palipoandikwa "utulivu darasani", aliweka alama ya vema. Kisha akaziondoa soksi zilizoleta utulivu. Huko ni kuusifu mchuzi huku unakitoboa chungu.

4. Naomba wakaguzi wote wafundishwe elimu jumuishi na mahitaji maalumu ya watoto. Mkufunzi awe Chiriku. Somo la kwanza: wakaguzi wafanye hesabu huku watu wazima thelathini wakiburuta viti. Atakayekimbilia getini, amefaulu. Atakayebaki, arudie.

5. Ikishindikana, viti vipewe kazi ya kumkagua mkaguzi. Vimembeba, vinaujua uzito wake.

Marehemu alinionya nisiandike barua nikiwa na hasira. Nimesubiri siku mbili. Hasira nayo imenisubiri.

Wasalimie wote hapo ofisini, hasa anayefungua bahasha, maana ndiye atakayecheka kwanza.

Ni mimi,
Mke wa mwalimu wa soksi

Nyongeza: Yale mafunzo yaache. Leo nimembembeleza Chiriku hadi darasani, na mkaguzi wako naye akatokea, kuhakikisha viti viko uchi. Alivuta kimoja. Chiriku akapiga ukelele, akaziba masikio. Mkaguzi akakinyanyua kiti, kisha akaogopa kukiweka chini! Alikikumbatia kipindi kizima, jasho likimchuruzika, akiuliza kwa kunong'ona afanyeje. Mwishowe akavua viatu, akakivalisha kiti soksi zake, nyeusi, za ofisini. Akawaambia watoto kesho kila mmoja alete za kwao. Lakini kiti kina miguu minne, naye ana miwili. Nikakimbia nyumbani, nikafungua kabati. Ilibaki jozi moja ya marehemu niliyoshindwa kuigawa, imetoboka penye kidole gumba. Nimeirudisha kazini. Mkaguzi amekaa, kiti kimenyamaza, na Chiriku anaimba.