Suruali Iliyoishia Magotini Ukweni

Leo nimechekwa na nusu ya Ukerewe. Nusu nyingine itapata habari kesho, watu wakitoka kanisani.

Nawaandikia mapema, mafundi redio wenzangu wa Pasiansi, kabla hamjayasikia kwa mdomo wa mtu mwingine.

Mnajua mimi, Mwalimu Masanja na Mugeta tuna ugonjwa wetu wa kutembea kwa miguu. Wenzetu wakipata nafasi wanapumzika. Sisi tunatafuta njia ndefu. Tulishakwenda Misungwi kwa miguu, hatukuwa na kazi yoyote huko, tukarudi. Safari hii Mugeta akatualika kwao Nansio, tushinde Jumamosi nzima tukifuata ufukwe wa kisiwa mpaka kijiji kimoja cha mbali. (Kijiji nilikichagua mimi. Ndiko kwao Veronika, yule binti mnayenitania naye. Haya, kohoeni.)

Mpango ulikuwa tupite pale kama wapita njia, tuombe maji ya kunywa, baba yake anione. Siyo posa. Kuonekana tu! Veronika yuko nyumbani likizo, na alishanionya: "Baba alikuwa katekista miaka mingi. Anatazama mavazi. Mwanaume mzima akimjia na kaptula, hamwitikii hata salamu."

Basi nikajipanga. Tangu biashara ya nje ifunguliwe, kwenye mitumba hukosi kitu. Nikapata suruali ya kizungu, rangi ya vumbi, mifuko minane, na zipu inayozunguka kila goti. Nikamuuliza muuzaji hizo zipu za nini.

"Za hewa, kaka. Wazungu wanapandia milima. Ukisikia joto, unafungua."

Nikamwamini. (Mtu anayefungua redio za watu kila siku!)

Asubuhi tukaondoka Nansio. Masanja alinitazama magotini kwa muda mrefu. "Sasa hii zipu ikifunguka yote, inakuwaje?"

"Mwalimu, wewe fundisha hesabu. Hii ni kazi ya wataalamu."

Tukapita mashamba ya mihogo, tukapita michungwa, tukapanda mawe na kushuka. Ziwa liko kulia kwetu, limetulia. Kufika saa sita jua likawa halina huruma. Nikafungua zipu robo. Hewa ikaingia kweli! Nikawaringia. Nikafungua nusu. Mugeta akaanza kuniangalia kwa wivu. Nikafungua zaidi, ikabaki sehemu ndogo tu nyuma ya goti. Nilijisikia kama natembea na feni mbili.

Mbele kidogo tukawakuta akina mama wameanika dagaa. Tukasalimia, tukaomba kupumzika kivulini. Nikajibwaga chini bila kuangalia. Kumbe nimekalia turubai la dagaa! Mama mmoja akanifukuza kwa ufagio, nami nikaondoka nikijikung'uta. Harufu ikabaki. (Mpaka sasa ninapoandika, ipo.)

Saa nane tukafika kwa kina Veronika. Mzee alikuwa kwenye kiti barazani, shati jeupe, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Pembeni, akina mama kama kumi wa jumuiya ya kanisa walikuwa wanamenya mihogo. Mbwa mwekundu amelala mlangoni. Veronika alituona, akaangalia chini haraka.

"Shikamoo mzee," tukasema.

"Marahaba. Karibuni. Mnatokea wapi na jua hili?"

"Mwanza, mzee. Tunatembea tu. Tunaomba maji ya kunywa."

Akatupatia vigoda. Akaniangalia kuanzia juu. Kola, sawa. Mkanda, sawa. Nikaona uso wake unalainika. Jamani, nilikuwa nafaulu!

Hapo mama mwenye nyumba akatoka na maji. Nikainuka kwa heshima zote, nikainama kabisa. "Shikamoo mama." Nikasikia kitu *srrr*. Nikahisi upepo mzuri kwenye mguu wa kulia. Mama anatazama chini. Masanja akaanza kukohoa. Nikafuata macho ya watu: kipande cha suruali kimeshuka chote, kimekaa juu ya kiatu changu kama soksi ya jitu.

Nikakaa upesi. Nikakivuta juu, nikakishikilia gotini kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika kikombe, huku naulizwa habari za Mwanza.

"Nzuri tu, mzee. Mvua zimenyesha." (Hazijanyesha.)

Nikaona nijaribu kufunga zipu kimyakimya. Kwa woga nikashika ya mguu wa kushoto, nikaivuta kwa nguvu. Nayo ikaachia! Sasa ninavyo vipande viwili na mikono miwili, na kikombe kimenimwagikia mapajani.

Yule mbwa akaamka. Akanusa hewa. Dagaa! Akaja moja kwa moja, akauma kipande cha kushoto, akakichomoa mguuni kupitia kiatu, akatimua mbio.

Jamani, mngefanya nini? Mimi nilimkimbiza. Nikiwa na kaptula, na kipande cha kulia kinapigapiga kwenye kifundo cha mguu. Mbwa akapita katikati ya akina mama. Nami nikapita katikati ya akina mama. Mihogo ikaenda huku, masufuria kule. "Mgeni anavuliwa na mbwa!" mmoja akapiga kelele, wengine wakajitupa chini kwa kicheko.

Ndipo nikasikia sauti nzito ya mzee kutoka barazani: "Mstaarabu! Acha hiyo suruali! Njoo ukae chini!"

Nikasimama palepale. Mikono juu. "Nimeiacha, mzee. Nakuja."

Uwanja mzima ukalipuka.

Mstaarabu ni jina la mbwa.

Nilirudi, nikakaa chini. Mbwa naye akarudi, akakaa karibu yangu, kipande kikiwa mdomoni. Mama akaniletea kitenge cha jumuiya nijifunge, na nikala ugali kwa sato nimevaa hivyo, sithubutu kuinua macho. Mzee alikula taratibu. Tulipoaga, akaniita kando.

"Kijana. Umepanda meli kutoka Mwanza, ukatembea tangu asubuhi, kuja kuomba maji?"

"Ndiyo, mzee."

"Mwanza maji yameisha?"

Veronika, aliyekuwa anakusanya sahani, akatoka mbio kwenda nyuma ya nyumba. Nilisikia anavyocheka huko. Mzee akainamisha uso, mabega yakaanza kumtikisika, akajifuta machozi kwa kiganja.

"Huyu binti hajacheka hivi tangu afike," akasema. "Siku ukija kwa lililokuleta, njoo na mtu mzima wa kukusemea. Wewe mwenyewe usiseme. Na usiiname."

Sasa nipo kwa Mugeta, nasubiri fundi cherehani azishone hizo zipu zisifunguke milele. Masanja anatangulia na meli kesho, na ndiye anayewaletea barua hii. Nimeifunga kwa gundi, lakini mdomo wake sikuweza kuufunga. Ataongeza chumvi. Mwaminini nusu tu.

Ila ile ya mikono juu, ni kweli.