Taa za Posa ya Dada Zimetuletea Mnywaji

Leo nimefedheheka. Siyo ile ya kuteleza kwenye tope mbele ya watu, ile huku kwetu Ifakara tumeshaizoea. Hii ni ya mbele ya wakwe. Nawaandikia nikiwa nyuma ya jiko, nanuka plastiki iliyoungua, na nawaeleza mimi mwenyewe kabla majirani hawajawaeleza kwa kuongeza chumvi. Chumvi haihitajiki.

Mnajua dada yangu Resti leo alikuwa anaposwa, wageni wanatoka Lupiro, ng'ambo ya mto. Na mnajua mimi ndoto yangu ni taa. (Wengine mnaota magari. Mimi naota kumbi za harusi, dari yote inawaka, naamka natabasamu, halafu naona bati.) Kuna fundi wa umeme pale mjini amekubali nijifunze kwake. Kilichobaki ni baba kuniachia tu. Lakini baba ana mpunga, na mpunga ukianza kutoa masuke unataka mtu wa kukaa shambani kuwinga ndege wasiule, tangu asubuhi mpaka jua lizame. Mtu huyo, tangu nimalize kidato cha nne kwa alama ambazo nyumbani hatuziongelei, ni mimi.

Juzi baba akaniita. "Deo, ipambe hiyo sebule kwa ajili ya wageni. Taa zikiwaka, watu wakakaa kwa heshima, msimu huu mtu mwingine atawinga ndege. Wewe nenda kwa fundi wako."

"Na zikinigomea, baba?"

"Ndege wanakujua."

Basi leo tangu asubuhi niko juu ya meza. Nina taa za mkanda, zile nyembamba zenye gundi kwa nyuma, unabandika kwenye kona ya dari, unabonyeza rimoti, zinabadilika rangi. Mikanda mitano, nimeikusanya mmojammoja kwa muda mrefu kama mtu anayekusanya vyombo vya kuanzia maisha. Kila mkanda ulikuja na adapta yake ndogo. Tatizo sebule yetu ina soketi moja tu inayofanya kazi, ile nyingine iliingia maji ya mvua tukaizibia na karatasi.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. (Ingelala tu.)

Mimi ni mtoto wa mkulima wa mpunga, nawaza kama mkulima wa mpunga. Shambani maji unayaingiza jaruba la kwanza, unakata tuta, yanaingia la pili, unakata tena, yanakwenda la tatu. Mdomo wa maji ni mmoja, majaruba yote yanakunywa. Nikasema umeme nao si hivyohivyo? Nikaunga mkanda wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, mpaka wa tano, waya kwa waya, rangi kwa rangi, nimemenya kwa meno na kufunga solatepu. Adapta moja mwanzoni. Nyingine nne nikazitupia kabatini, nikijiona nimewazidi akili waliozitengeneza.

Kwa haki niseme nilizijaribu. Lakini nilijaribu mkanda mmojammoja kabla sijaunga. Kila mmoja ulikuwa mweupe kama maziwa. Resti akaja kuangalia, nywele bado hazijamalizwa upande mmoja.

"Mdogo wangu, hiyo nyeupe ndiyo naitaka. Nikifunuliwa nionekane kama nimeshuka mawinguni."

"Utaonekana hivyohivyo, dada." (Maneno haya yametoka kinywani mwangu. Sikulazimishwa.)

Nilipomaliza kuunga nikataka kuwasha zote pamoja. Baba akatokea mlangoni. "Zima. Unamaliza uniti za umeme, halafu wageni waje wakae gizani." Nikazima kabla sijawasha.

Wageni wamefika jua limeshaanza kushuka. Mshenga wao ni mzee mnene mwenye koti la suti na sauti ya kusomea masomo kanisani. Akaeleza kuwa wamepita njia, wameona ua kwenye bustani yetu, wanaomba kulichuma. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa anaongoza shughuli upande wetu, akasema maua humu ndani ni mengi, wachague. Akatolewa binti wa jirani amefunikwa khanga gubigubi. Wakamfunua, wakasema mzuri lakini siye. Akatolewa mama mdogo, naye amefunikwa, anatembea kwa madaha na miaka yake hamsini. Watu wakacheka, wakasema siye, ila akikosa pa kwenda watamchukua pia.

Mpango ulikuwa hivi: akitoka wa tatu, ambaye ni Resti, asimame pale dirishani, baba azime balbu, shangazi avute khanga, mimi nibonyeze rimoti.

Baba akazima balbu. Shangazi akavuta. Nikabonyeza.

Kule kwenye kona ya soketi, nyeupe. Safi kabisa. Mkanda wa pili ukawaka kama umepakwa chai ya maziwa. Wa tatu ukawa na rangi ya ufizi. Kufika wa tano, ule uliozunguka dirisha la barabarani, palepale aliposimama dada yangu kipenzi, ni nyekundu tupu. Ndipo nilipokumbuka kitu ambacho kila mtoto wa shamba anakijua: jaruba la mwisho kila siku ndilo linalobaki kavu. Nimekikumbuka nikiwa na rimoti mkononi na wakwe mbele yangu.

Resti alikuwa kama ameogeshwa mawese.

Nikabonyeza kitufe cha nyeupe. Nikabonyeza tena. Ile adapta moja iliyobebeshwa kazi ya adapta tano ikaona imeonewa, ikaanza kuzima na kuwaka, kuzima na kuwaka, na shangazi alikuwa ameshafungulia muziki. Mama mmoja wa upande wao akapiga vigelegele. Alidhani ndivyo tulivyopanga. Nami kwa sekunde chache nikaanza kudhani hivyohivyo.

Sasa ninyi wa mtaani kwetu Lumemo mnaijua barabara yetu. Mnajua jioni nyumba yenye taa nyekundu za kuzimazima dirishani na muziki ndani huwa inauza nini.

Pikipiki ikasimama nje. Tukasikia mtu anapangusa viatu barazani. Pazia likafunguka, akaingia jamaa na koti lake la mvua, anatabasamu.

"Habari za jioni jamani. Ya baridi ipo?"

Shangazi akadhani ni mgeni wa Lupiro aliyechelewa. "Karibu mwanangu, kaa. Soda zipo za baridi."

"Soda hapana, mama. Niwekee ileile ya watu wazima."

Akavuta kiti, akakaa kando ya mshenga, akamgusa bega. "Leo mmejaa. Mmefungua lini hapa?"

Taa ikazima, ikawaka. Ndipo jamaa akamwona baba, kwenye kiti chake kikubwa, suti, rozari mfukoni. Baba yangu, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, mtu ambaye hata maji ya tangawizi anayanusa kwanza.

"Shikamoo mwenyekiti," akasema yule jamaa, na sauti ikashuka kwa huruma kabisa. "Kumbe na wewe unapitaga hapa? Usijali mzee wangu, sijakuona."

"Kijana," baba akasema, "hapa ni nyumbani kwangu."

"Nisamehe mzee. Nimeona taa."

Nimeona taa. Hakuna tusi nililowahi kutukanwa likaniingia kama hayo maneno mawili. Mshenga alicheka mpaka akavua miwani. Bwana harusi mtarajiwa alijificha kwenye leso. Adapta ikatoa moshi, harufu ikajaa sebuleni, giza. Baba akanyanyuka taratibu, akawasha balbu yetu ya siku zote, yule jamaa akapewa soda na kusindikizwa.

Posa imekubaliwa, msihofu. Resti hajanigombeza. Ameniletea sahani ya ubwabwa huku nyuma, akasema picha zimetoka vizuri isipokuwa uso. Angenigombeza ningejisikia nafuu.

Lakini hamjasikia lililonimaliza. Wageni wanaondoka, mshenga akanivuta pembeni ya gari.

"Ni wewe uliyefunga zile taa?"

"Nisamehe mzee."

"Nikusamehe nini? Mimi nina grosari ya bia pale Lupiro, mwaka mzima watu wanaipita kama zahanati iliyofungwa. Zako hazijamaliza dakika tano mteja kaingia na kiti kavuta mwenyewe. Njoo unifungie vilevile. Ule wekundu, na kule kuzimazima."

"Mzee, kule kuzimazima hakukuwa ufundi. Adapta ilikuwa inakufa."

"Usinifiche, kijana. Nitakulipa."

Baba alikuwa nyuma yetu. Sijui alifika saa ngapi. Akamshika mshenga mkono kwa heshima zote, akamwambia safari njema. Gari lilipokata kona akanigeukia.

"Nilikuambia wageni wakae kwa heshima."

"Ndiyo baba."

"Kesho uondoke na mama yako kwenda shambani. Kombeo la ndege liko nyuma ya mlango."

Amekwenda kulala na suti.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya taa maishani mwangu nimeipata leo na nimeikosa leo, na hata ningeachiwa niende, alichokipenda mshenga ni kosa ambalo sijui kulirudia. Chekeni, siwezi kuwazuia. Ila ninyi mnaokunywa Lupiro, mkikuta kwenye grosari ya mshenga bado pana giza, msiniulize.